Kwanza mjue anayeigwa

Nilikuwa darasa la sita nilipoiona Scary Movie, filamu ya vichekesho inayoziiga filamu za kutisha ili kuzitania, kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu. Mabenchi yamejaa, pazia jeusi mlangoni, joto la kufa mtu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Miaka mingi baadaye ndipo nilipokutana na ile inayoigwa humo, Scream ya 1996, filamu ya kutisha ya Wes Craven: msichana yuko peke yake nyumbani, bisi zinapasuka jikoni, simu inalia, na mtu wa upande wa pili anamuuliza taratibu anapenda filamu gani za kutisha. Niliitazama nimejikunja kwenye kochi. Usiku huohuo nikairudia Scary Movie, nikagundua kwamba pale kibandani tulikuwa tunacheka watu kuanguka na kujamba tu. Utani wenyewe ulitupita.

Ndiyo maana wadogo zangu wakiniomba muvi za aina hii huwa nawaambia watafute kwanza ile inayoigwa. Kundi la Redykyulass lilipomwiga Rais Moi kule Kenya, watu walivunjika mbavu kwa sababu sauti ile na rungu lile waliishi navyo kwenye taarifa ya habari. Asiyemjua Moi angeona mtu ameshika kijiti.

Katika zote nilizoziona, iliyonifundisha zaidi ni Airplane! ya 1980. Jim Abrahams na ndugu wawili, David na Jerry Zucker, walinunua haki za filamu ya 1957 iitwayo Zero Hour!, ambamo abiria na marubani wanaugua kwa kula samaki wakiwa angani, na rubani wa zamani wa vita, aliyejaa hofu, analazimika kushika usukani. Hadithi wakaiacha ilivyo. Hata jina la steringi, Ted Stryker, wakalibadilisha herufi moja tu. Kisha wakafanya jambo ambalo mpaka leo naliheshimu: nafasi kubwa wakawapa waigizaji waliozoeleka kwenye filamu nzito. Leslie Nielsen, aliyekuwa nahodha wa meli inayopinduka katika The Poseidon Adventure ya 1972, wakampa udaktari.

Tazama uso wake. Anatamka upuuzi mtupu kwa sauti ya daktari anayekusomea majibu ya vipimo. Hacheki, hakonyezi, hata nyusi hazichezi. Kuna pahali mwenzake anatumia neno la Kiingereza "surely", yaani hakika, naye anajibu kwa utulivu kwamba asiitwe Shirley, jina la kike linalosikika karibu sawa na neno hilo. Nilimtafsiria mama utani huo na haukumchekesha hata kidogo, maana kwa Kiswahili hakuna maneno mawili yanayogongana namna ile. Lakini uso wa Nielsen ulimchekesha bila tafsiri yoyote. Watafsiri wa vibandani, akina Lufufu, walilijua hili zamani: pale maneno yalipokataa kuvuka, walitia ya kwao.

Sasa upande wa pili. Jason Friedberg na Aaron Seltzer walikuwa miongoni mwa waandishi wa Scary Movie, kisha wakaongoza za kwao, zikiwemo Epic Movie ya 2007 na Disaster Movie ya 2008. Hiyo ya mwisho inawapitisha mbele yako mfano wa Iron Man, Hulk na Hancock, wote wa filamu za mwaka huohuo. Unawatambua, halafu basi. Hakuna kilichosemwa juu yao. Ukijikuta unataja majina ya filamu badala ya kucheka, zima, usingoje dakika ya tisini.

Kuna jingine linalonigusa zaidi. Katika Scary Movie yumo Doofy, polisi anayechekwa kwa kuonekana ana ulemavu wa akili. Utotoni nilimcheka kwa sauti. Leo nina mpwa mwenye ulemavu huo, najua anavyotazamwa dukani na kwenye daladala, na sehemu zile naziruka. Mwisho wa hadithi unaogeuza mambo haunifutii kile kicheko cha mwanzo.

Na tafadhali, itazame peke yako kabla ya kuiweka sebuleni. Sikukuu moja ya Idi niliweka moja ya filamu hizi mbele ya baba mdogo na watoto wake. Dakika ya kumi sebule nzima ilikuwa kimya, na baba mdogo akainuka akasema anatoka kupunga upepo. Usidanganyike na daraja la umri pia. Airplane! ilipewa PG kule Marekani, yaani hata watoto wanaweza kuitazama kwa mwongozo wa wazazi, na bado kuna mwanamke anapita kifua wazi mbele ya kamera.

Kama unataka kuanza vizuri, Zero Hour! na Airplane! hazifiki saa moja na nusu kila moja, kwa hiyo Jumamosi moja mchana inatosha zote mbili. Anza na ile ya 1957.