Wanawake Watatu wa Millet Walivyonifundisha Rangi za Mafuta

Vijana wanaokuja kwangu hapa Wete huiona picha ukutani, wakaniuliza kwa nini nimenakili kazi ya mtu. Sikuwa na mwalimu wa rangi za mafuta. Nikamfanya mwenye picha ndiye mwalimu.

Ni kazi ya Mfaransa Jean-François Millet, ya mwaka 1857. Wanawake watatu maskini wanaokota masuke yaliyosalia baada ya mavuno, na mbali nyuma yao, kwenye mwanga, yamejaa marundo ya mavuno ya tajiri. Niliichagua kwa sababu bibi yangu aliinama vile vile chini ya mikarafuu, akiokota karafuu zilizodondoka. Na wewe chagua picha inayokugusa, maana utakaa nayo sana. Mimi ilinichukua miezi minne.

Usikimbilie rangi. Nilikimbilia, nikaharibu turubai zima. Piga miraba kwenye picha na kwenye turubai, hamisha umbo, kisha paka yote kwa kahawia moja iliyozimuliwa na tapentaini, ukitafuta giza liko wapi na nuru iko wapi. Finya macho unapotazama, vidogo vidogo vitapotea na vivuli vikubwa vitabaki. Hapo ndipo nilipoona jambo nililolitazama wiki mbili bila kulijua: migongo ya wale wawili walioinama haivuki mstari wa upeo, pale ardhi inapokutana na mbingu. Ardhi imewashika. Mimi nilikuwa nimeushusha upeo kwa upana wa kidole tu, na uzito wote ukawatoka.

Mkono wa yule wa kati niliurudia mara sita. Vivuli nilivitia nyeusi, ngozi ikageuka majivu. Nyeusi iweke kando. Changanya kahawia iliyokoza na buluu, utapata giza lenye uhai. Nilipoacha kuhesabu vidole, nikapaka kiganja kizima kwanza na mwanga juu yake baadaye, mkono ukakaa.

Tabaka za chini ziwe na mafuta kidogo, za juu ziongezewe. Ukigeuza, juu itapasuka. Rangi hii haikauki kama maji yanavyokauka; mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake hushika hewa na kuganda taratibu, basi subiri siku kadhaa. Usijipime na ndugu zetu wachoraji wa tingatinga, rangi yao ya kung'aa hukauka upesi. Kitambaa cha marekani kilichowambwa kwenye fremu kinatosha, ila kipakwe kwanza rangi nyeupe ya msingi, la sivyo mafuta yatakiozesha. Na nakuomba sana: matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike. Hupata joto na kuwaka yenyewe. Yatie kwenye kopo la maji.

Kunakili si aibu. Mchoraji Mholanzi Van Gogh, akiwa hospitalini Saint-Rémy, Ufaransa, mwaka 1889 na 1890, alinakili kazi nyingi za Millet kutoka picha zisizo na rangi, akazitilia rangi zake. Ila nyuma ya turubai andika wazi kwamba ni nakala, na ya nani.

Sasa nimeanza yangu: wanawake watatu, mkarafuu, pakacha chini. Mwanga wa Millet unatoka upande mmoja. Wa shambani kwetu unapenya majani na kuwaangukia mgongoni madoa madoa. Mgongo wa yule wa tatu bado naufuta na kuupaka upya.