"Dawa mbadala": mbadala wa nini?

SWALI: Mimi ni msaidizi katika kliniki ya meno hapa Kisumu. Kwenye karatasi ya kuwaeleza wagonjwa nimeandika: "Dawa mbadala za kuosha mzizi wa jino zimejaribiwa usalama." Mwenzangu ananicheka, ati hicho si Kiswahili. Nimekosea wapi?

JIBU: Kwenye "mbadala" hujakosea, dada. Neno hilo halibadiliki: dawa mbadala, vifaa mbadala, njia mbadala. Taabu iko kwenye masikio ya mgonjwa. Aliyetoka kununua magome soko la Kibuye, akisikia "dawa mbadala" anawaza miti shamba, na wewe papo hapo umemtajia mzizi! Tena hatakuwa ameota, maana kati ya dawa ambazo watafiti wamezipima kwa kazi hii, mwarobaini umo.

Kwa hiyo taja ni mbadala wa nini. Dawa iliyozoeleka ni hipokloriti ya sodiamu, ileile iliyomo kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Madaktari huitumia kwa nguvu ya kati ya asilimia 0.5 na 5.25. Huua bakteria na kuyeyusha nyama iliyokufa ndani ya jino, jambo ambalo klorheksidini, dawa nyingine ya kuulia bakteria mdomoni, haiwezi. Lakini ikipenya ncha ya mzizi, huunguza na uso ukavimba. Hapo ndipo haja ya kutafuta nyingine inapotoka. Andika "badala ya hipokloriti" au "mbadala wa hipokloriti". Ile "mbadala ya" inayosikika redioni ni mchanganyiko wa hizo mbili.

Mwenzako amecheka "zimejaribiwa usalama", na hapo ana haki. Gunia hupimwa uzito, mgonjwa hupimwa damu, na dawa vilevile hupimwa usalama. Kinachojaribiwa ni dawa yenyewe, si usalama wake. Isitoshe, ukisema "zimejaribiwa" mgonjwa atakuuliza: kwa nani? Vipimo vingi vya aina hii huanzia kwenye sahani ya maabara: chembe za fizi hutiwa dawa, kisha huangaliwa ngapi zimebaki hai. Hicho ni kipimo cha sumu, bado si ahadi kwamba mtu hatadhurika.

Ningeandika hivi: "Dawa zinazoweza kutumika badala ya hipokloriti zimepimwa maabarani kuona kama zinaua chembe hai za mwili." Nimesema "chembe hai" makusudi. "Seli" ni sahihi na imo vitabuni, ila kwa wengi huku kwetu seli ni ya polisi.