Filta inanguruma ila maji hayatoki: maswali yenu ya akwariamu

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina tenki la lita 200 la mbuna wa Ziwa Nyasa, nlikuwa natumia filta ndogo ya sponji ya ndani ikawa haitoshi maana hawa samaki wanakula na kuchafua balaa, nkanunua filta ya kanista, ile ya kopo inayokaa nje na mipira miwili. Nimeunganisha kila kitu kama picha za kwenye boksi, nimewasha, inanguruma tu kama ina mawe ndani, maji hamna. Ile batani ya juu ya kuanzishia maji nimeipampu mpaka mkono unauma. Filta nimeiweka kwenye stuli pembeni ya tenki, chini sijaiweka kwa sababu wife hataki kusikia habari ya maji kwenye kapeti. Aliyeniuzia anasema nishaiunguza. Ni mbovu au? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Kaka, chomoa kwanza umeme halafu itoe hiyo filta kwenye stuli. Sidhani kama imeungua, ingekuwa imeungua ingekaa kimya. Huo mngurumo ni impela, yaani kipangaboi kidogo cha kusukuma maji, inazunguka kwenye hewa.

Wengi wanaamini hii mashine inavuta maji kutoka kwenye tenki, na muuzaji wako inaelekea naye anaamini hivyo. Haivuti. Pampu yake ni hicho kipangaboi chenye sumaku kinachozunguka, kinasukuma maji vizuri tu ila hewa hakiiwezi kabisa. Maji yanashuka yenyewe kutoka kwenye tenki kwa mpira wa kuingilia, ni mchezo uleule wa kuhamisha petroli kwa mpira kutoka kwenye tangi la juu kwenda dumu la chini, yakishafika kwenye kopo ndo pampu inayasukuma kurudi juu. Sasa we umeweka dumu usawa mmoja na tangi, yatashukaje? Filta yote pamoja na kichwa chake lazima ikae chini ya usawa wa maji ya tenki, ndani ya kabati au sakafuni. Ila usiipeleke mbali sana pia, nyingi hazipendi kuzidi kama mita 1.5 kutoka usawa wa maji, kitabu chake kitakwambia. Kuhusu kapeti, iweke ndani ya beseni, shemeji atakuelewa.

Ukishaishusha angalia mipira. Watu wanaonea huruma kuikata, wanaiacha mirefu inajikunja nyuma ya kabati, hewa inakwama pale juu ya kila mkunjo na hakuna batani itakayoitoa. Ikate ishuke moja kwa moja. Hakikisha pia hujaibadilisha, kwenye valvu kuna mishale au maandishi ya kuingia na kutoka, usicheke, inatokea sana.

Halafu umeme bado usichomeke. Jaza tenki mpaka usawa wake wa kawaida, fungua valvu zote mbili, na ule mwisho wa mpira wa kurudisha maji utoe juu ya maji uwe wazi hewani. Hapa ndo watu wengi wanakwama, bomba la kutolea wamelizamisha kwenye tenki, hewa iliyo ndani ya kopo inakosa pa kupita na maji yakitaka kuingia yanaikuta imekaa. Sasa pampu batani taratibu mpaka uone maji yamevuka ukingo wa tenki na kuanza kushuka kwenye mpira, yakishavuka acha, yatakuja yenyewe. Utasikia kopo linabwabwaja linajaa, hewa inatokea upande wa pili. Subiri. Maji yatapanda kwenye mpira wa kutolea mpaka yalingane na usawa wa tenki yasimame, hapo sasa ndo uchomeke umeme. Kuna wanaojaza kopo maji kabla ya kufunga kifuniko, nayo inasaidia, mi mwenyewe naipenda kuliko hizo batani ambazo kwenye filta za bei chee zinalegea mapema.

Batani ikikataa, weka mdomo kwenye mwisho wa mpira wa KUTOLEA, siyo wa kuingilia, vuta mara moja mbili. Utavuta hewa tu, maji yakianza kuanguka kwenye kopo unaacha, yana safari ndefu mpaka yakufikie mdomoni. Ukivuta upande wa kuingilia utakunywa supu ya mbuna.

Ikiwaka na bado inakwaruza kuna hewa imebaki juu ya impela. Iinamishe kushoto kulia huku inafanya kazi, izime sekunde kadhaa uwashe tena, mapovu makubwa yatatoka. Vipovu vidogovidogo siku ya kwanza visikutishe, sponji na mawe ya ndani nayo yana hewa yake. Vikiendelea siku zinapita basi kuna mahali hewa inaingia, na ujanja wa kupatafuta ni huu: sehemu za chini zikiwa na tundu zitavuja maji nje utayaona, ila ile sehemu ya mpira wa kuingilia iliyo juu ya usawa wa maji, pale inapopanda ukingoni, yenyewe inanyonya hewa bila kudondosha hata tone. Kwa hiyo kagua viungo vya pale juu kwanza. Na kama una jiwe la hewa karibu na mdomo wa kuingilia lisogeze, mapovu yake yanavutwa.

La mwisho kaka, ile sponji ya zamani usiitupe. Filta mpya haina bakteria wa kuishughulikia amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, ziache zote mbili zifanye kazi pamoja kama mwezi hivi.

SWALI: Salaam aleikum. Ndugu yangu aliyeko Marekani ananiletea filta ya kanista aliyoitumia mwaka mmoja, bado safi. Nitahitaji nini kuiwasha huku? (Msomaji, Nyali, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam dada. Mwambie akuletee viatu. Stima ya kule ni volti 120 na ya kwenu ni 240, ukiichomeka vivi hivi itakufa hapohapo. Transfoma ya kushusha ipo, lakini hiyo inaponya volti tu, kule umeme unapiga hezi 60 (yaani mara 60 kwa sekunde) na huku 50, na mota ya aina hii inafuata hezi, kwa hiyo itazunguka pole pole kwa kama sehemu moja ya sita na inaweza kuchemka pia. Kwa mashine inayowaka usiku na mchana mimi siwezi kulala nayo nyumba moja. Ikitoka Dubai hapo sawa, hezi ni zetu hizihizi na volti zinalingana.

SWALI: Fundi mi nafuga wale samaki wadogo wa Tanganyika wanaoishi kwenye makombe ya konokono. Filta inasimama kila baada ya muda na nkiifungua nakuta mchanga kwenye impela. Halafu umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi ukirudi maji yanatoka na harufu. (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Hao wafupi wanachimba kutwa nzima, mchanga wote wanaurusha juu na mdomo wa filta unaumeza. Pandisha mdomo wa kuingilia mbali na sakafu ya tenki, uvalishe sponji, na hiyo sponji uioshe mara kwa mara la sivyo maji yatapungua nguvu. Ukisafisha impela shika ule mhimili wake kwa adabu, nyingi ni za kauri, ukiuegemeza kidogo tu umekatika.

Hiyo harufu ni kwamba umeme ukikata maji yanasimama ndani ya kopo, bakteria wanamaliza oksijeni, wanakufa, na umeme ukirudi filta inawamwagia samaki uozo wote. Kwa hiyo ukilala umeme umekatika chomoa filta kabisa ukutani. Asubuhi ifungue, maji ya ndani mwaga nje, sponji na mawe suuza kwenye ndoo ya maji ya tenki, siyo ya bomba yenye klorini, paka oringi ya kifuniko (ule mpira wa duara unaozuia maji kuvuja) grisi ya silikoni kidogo (mafuta ya kupaka ngozi yanaiharibu), halafu ijaze na kuitoa hewa kama nilivyomwelekeza ndugu wa Tabata hapo juu. Ukikatika nusu saa tu hakuna haja, mipira inabaki imejaa maji, itawaka yenyewe.