Usiandike "umoja wa binadamu na asili" kabla hujajua giza lilikuwa wapi

Mdogo wangu, hiyo kazi usiikabidhi kesho kama ilivyo. Rasimu uliyobandika nimeisoma na damu imenichemka, maana njia unayoifuata naijua, na inakoishia nakujua.

Kwa wanaoingia sasa kwenye uzi: huyu mdogo wangu ameweka picha ya msichana aliyepigwa picha kwa ubavu, bakgraundi nyeupe, kichwa na shingo vimejaa msitu wa paina, na ndege wako nje ya kichwa, upande wa kisogo. Chini ya picha, kwa maelezo yake, kumeandikwa Mufindi. Mwalimu amempa kazi ya kuichambua. Yeye ameandika kwamba picha "inaonyesha umoja wa binadamu na asili isiyoguswa", msitu ni "utulivu wa nafsi", paji la uso linalofifia ni "binadamu anayerudi kwenye chimbuko lake", na ndege "ni alama ya uhuru". Halafu anauliza kama inatosha, ni programu gani ya simu inayotengeneza picha za hivyo, na sanaa hiyo iitweje.

Haitoshi. Sentensi hizo zote unaweza kuzibandika kwenye dabo eksposha (ndilo jina la sanaa hiyo, picha mbili kwenye fremu moja) nyingine yoyote na zikakaa bila shida. Maelezo yakiweza kukaa kwenye picha ambayo hujawahi kuiona, basi hata hii uliyopewa hujaiangalia.

Anza na mwanga. Dabo eksposha ni kupiga mara mbili kwenye fremu moja. Filamu, na hata sensa ya kamera (kile kipande kinachopokea mwanga kwenye kamera ya dijitali) ikiwekwa kujumlisha, hupokea mwanga juu ya mwanga, haina namna ya kuutoa ulioshaingia. Pale ambapo picha ya kwanza ilikuwa nyeupe kabisa pameshajaa, picha ya pili haipati pa kukaa. Palipokuwa giza bado pako wazi, na hapo ndipo msitu unapoingia. Ndiyo sababu mpiga picha humsimamisha mtu kivulini, mbele ya ukuta mweupe au mbingu inayong'aa. Kwa hiyo msitu umekaa kwenye nywele za msichana wako kwa kuwa nywele zake ni nyeusi. Angekuwa amevaa kofia nyeupe iliyopigwa na jua, msitu ungebaki shingoni tu, na wewe ungeandika habari ya "sauti ya asili". Unaona hatari yake?

Mimi niliandika maneno ya aina hiyohiyo, yakachapwa, yakabandikwa ukutani, na mtu aliyeandikwa akaja kuyasikia kwa masikio yake.

Rafiki yangu mpiga picha alifanya maonyesho madogo Dodoma mjini, akaniomba niandike maelezo ya kuwekwa kando ya kila picha. Picha aliyoitegemea kuliko zote ilikuwa ya mama yake. Alimpiga picha kwa ubavu, amejitanda mtandio, yuko kwenye kivuli cha baraza, na nyuma yake ukuta mweupe unapigwa na jua. Juu ya fremu hiyohiyo akapiga mbuyu wakati wa kiangazi. Ikatoka picha ambayo shina la mbuyu limepanda kutoka shingoni na matawi yametanda kichwani bila jani hata moja. Sehemu ya paji la uso haipo. Jicho nalo halipo, pamebaki doa jeupe.

Nikaandika: mti mkavu ni kifo, jicho lililofutwa ni mtu anayesahaulika, paji linaloyeyuka ni roho inayouacha mwili. Nikafunga kwa kusema picha hii ni maombolezo ya mama na ya ardhi. Waliosoma kabla ya kuchapwa walisifu sana, na hakuna aliyeniuliza kama mama mwenyewe yupo.

Siku ya ufunguzi mama akaja, hai, mzima, na kanga mpya. Mjukuu wake akamsomea maelezo kwa sauti, neno kwa neno, watu wamesimama. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniita. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, nani kakwambia mti huu umekufa?" Akaweka kidole pichani, chini ya sikio lake. "Na haya ni nini?"

Nikasogea. Mabuyu. Mawili, yamening'inia kwenye vikonyo vyake virefu, mahali hasa ambapo hereni hukaa. Mti umezaa, mimi nimeuita maiti.

Mbuyu kupukutisha majani kiangazi ndiyo kawaida yake. Shina limehifadhi maji, matunda yanakomaa juu huku matawi yako wazi, mvua zikinyesha unachipua. Mtu yeyote aliyekulia Dodoma analijua hilo, na mimi nalijua tangu utoto. Lakini siku ile sikuwa natazama mbuyu. Nilikuwa natazama "mti mkavu" wa kwenye karatasi ya semina, nitakayoifikia hapa chini.

Kulikuwa na mwenye nyumba ya wageni aliyekwisha kubali kuinunua picha ile aiweke mapokezi. Alisoma maelezo yangu, akasema hawezi kuwakaribisha wageni wake na msiba. Akaondoka. Jioni ileile tukabandua kila kitu, nikalipia kuchapa upya kutoka mfukoni mwangu. Picha haikununuliwa tena. Maonyesho yaliyofuata rafiki yangu alimpa mtu mwingine aandike.

Habari ya jicho alinieleza baadaye, hasira zilipopungua. Ukipiga mbuyu juu ya uso ulio gizani, matawi ni meusi, kwa hiyo ndani ya matawi na shina uso unabaki unaonekana. Anga katikati ya matawi inang'aa, kwa hiyo popote anga inapoangukia, inaufunika uso kwa weupe. Jicho la mama liliangukia kwenye uwazi kati ya matawi mawili. Paji lilikutana na anga upande wa ndani na ukuta mweupe upande wa nje, mpaka kati yao ukapotea. Hakuna roho iliyokuwa inatoka mahali popote.

Na kumbe alipiga fremu kadhaa. Kwenye nyingine jicho lilikaa ndani ya shina, likaonekana vizuri kabisa, lakini mabuyu yakahama sikioni. Ikabidi achague jicho au hereni. Akachagua hereni. Mama yule aliwalea watoto wake kwa kuuza ubuyu. Uchambuzi wote wa picha ile ulikuwa hapo chini ya sikio, na mimi niliupita nikaenda kuandika habari za ardhi inayokufa.

Sasa hiyo karatasi. Niliipata kwenye semina ya kulipia, kwa mtu anayejiita mkufunzi wa kusoma picha. Ilikuwa na safu mbili. Mti wenye majani: uhai. Mti mkavu: kifo. Maji: roho. Msitu: nafsi. Ndege: uhuru. Tuliambiwa tuikariri! Siku nzima hakutufungulia picha hata moja tukaitazama pamoja, yeye anaonyesha, sisi tunauliza. Alichukua hela za vijana waliokuja wanataka kujifunza kuona, akawarudisha nyumbani wakiwa wameacha kuona. Hata huko Ulaya miti inapukutisha majani kila majira ya baridi na kuchipua tena, sasa huo mti wake mkavu ambao ni kifo daima ni wa bara gani? Kwa kanuni yake Dodoma nzima ingekaa matanga kila kiangazi! Na leo nafungua uzi wako nakuta "ndege ni alama ya uhuru", neno kwa neno. Karatasi ile bado inatembea, ndiyo maana naandika kwa ukali.

Watu kuiona maiti pasipo na maiti ni jambo la zamani. Boston, Marekani, miaka ya 1860, William Mumler alikuwa anauza picha ambazo nyuma ya mteja kuna mtu hafifu, anasema ni mzimu wa ndugu yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeacha wafiwa kila mahali. Mwaka 1869 alishtakiwa New York kwa utapeli, P. T. Barnum, mwenye maonyesho maarufu wa huko, akatoa ushahidi dhidi yake, na wapiga picha wakaeleza mahakamani njia kadhaa za kutengeneza mzimu wa namna ile, kupiga mara mbili ikiwemo. Akaachiwa kwa ushahidi kutotosha. Baadaye hata Mary Todd Lincoln, mjane wa Rais Abraham Lincoln, alikwenda kupigwa kwake, na picha ikatoka na mumewe nyuma yake. Wateja wale waliingia studio na majonzi yao tayari, ukungu wowote ungetosha. Wewe na mimi tuliingia na karatasi.

Kwa hiyo shika hili, na ukisahau mengine yote niliyoandika usilisahau: kila kitu unachokiona kwenye dabo eksposha kiulize kwanza, uko hapa kwa sababu mwanga umelazimisha, au kwa sababu mtu amekuweka? Kilicholazimishwa na mwanga usikipe maana kabla hujahakikisha mpiga picha alikiona, akakikubali. Kilichowekwa ndicho cha kuanza nacho.

Jaribu kwenye picha yako. Msitu kwenye nywele: mwanga. Paji linalofifia: ukungu mweupe wa msituni umekutana na bakgraundi nyeupe, mwanga tena. "Binadamu anayerudi kwenye chimbuko lake" mfute.

Njoo kwenye miti yenyewe. Uliita asili isiyoguswa. Hebu tazama shingo. Mashina yamesimama kwa mistari, nafasi sawa, na upande wa chini hayana matawi, yamepogolewa. Hilo ni shamba! Mufindi kuna shamba la miti la Sao Hill, na paina si mti wa asili wa kwetu, umeletwa na kupandwa. Unapogolewa, unapunguzwa, unavunwa kwa mbao. Mwalimu wako akiwa ametoka Iringa atacheka kabla hajafika aya ya pili. Lakini hapohapo una kitu kizuri kuliko ulichoandika: msichana ambaye kichwani mwake kuna kitu kilichopandwa na watu wengine, kwa mistari, kikisubiri kuvunwa. Hiyo hoja ina uzito. Sisemi ndiyo maana ya picha, nasema unaweza kuitetea kwa kuonyesha kidole, na "utulivu wa nafsi" huwezi.

Harry Callahan, mpiga picha wa Marekani, alimpiga picha mkewe Eleanor kwa miaka mingi, nyumbani, mitaani, ziwani. Mwaka 1958, walipokuwa Aix-en-Provence kusini mwa Ufaransa, alimpiga picha ambayo mwili wake umechanganyika na mandhari ya mashambani. Mwenye karatasi ataandika "mwanamke ni asili" na kwenda kulala. Anayejua ni mke, na ni mwili ambao kamera ile ilikuwa imeshaupiga mara nyingi, atatafuta sehemu gani ya mwili imeachwa ibaki na sehemu gani imeachiwa majani. Wewe pia mtafute msichana wako. Sikio lake limeonekana au limefunikwa? Mdomo je? Mbona mdomo uko safi kabisa, hauna shina hata moja juu yake, wakati shingo na shavu vimejaa? Mwanga haufanyi hivyo wenyewe kwenye ngozi ya kivuli kimoja. Mtu ameusafisha.

Na sasa ndege, ambao umewapa mstari mmoja tu. Ndege hao ni weusi, na wako nje ya kichwa, juu ya nyeupe. Rudi kwenye nilichosema: mwanga hujumlishwa. Juu ya bakgraundi iliyoshajaa weupe huwezi kuongeza mwanga ukapata cheusi. Haiwezekani. Kwa hiyo ama waliwekwa kwenye kompyuta, ama kamera iliwekwa ibakize sehemu za giza badala ya kujumlisha; Canon EOS 5D Mark III ya 2012, kwa mfano, ina chaguo hilo. Vyovyote iwavyo, mwanga haukuwaleta. Kuna mtu aliamua wawepo, wawe wangapi, wakae upande wa kisogo na si mbele ya uso. Uchambuzi wako uanzie hapo, aya nzima, hata mbili.

Nimeikuza picha mpaka imevunjika vipande, na kwenye ndege wawili walio karibu na kichwa naona kama midomo imeelekea kwake. Kama ndivyo, hawatoki. Wanaingia, na "uhuru" wako umekwisha. Ila faili hili limepita WhatsApp limebanwa, siwezi kuapa. Mwombe mwalimu faili lenyewe asubuhi na mapema, angalia midomo na mkao wa mabawa, kisha uje utuambie wanaelekea wapi. Kama muda wa kukabidhi hautoshi, omba siku moja zaidi.