Kilima cha povu kinayeyuka nikipuliza rangi, nifanyeje?

Mkuu, povu lako halina shida, shida ni rangi. Hilo povu jeupe la kwenye boksi la TV halipatani kabisa na rangi ya kopo ya kupuliza, dawa iliyomo inalila, ndo maana vilima vyako vya mchezo vimebaki mashimo.

Chukua gundi nyeupe ya mbao, changanya na maji kidogo na rangi nyeusi ya maji, ile ya ukutani, pakaa kote mpaka kwenye vile vinafasi vya kati ya punje, maana ukiacha katundu kamoja tu rangi inapenya hapohapo. Ikikauka rudia. Kwa baridi hii ya Mbeya usidanganyike juu pamekauka, iache hadi kesho. Mi hata ya kopo situmii tena, brashi inatosha.

Kwa majani ya bandia ya juu ya kilima, omba vumbi la mbao kwa seremala, chekecha na chujio la chai, loweka kwenye rangi ya kijani, anika. Kadibodi ya chini paka gundi pande zote mbili isipinde.

Ila kukata povu kwa kisu cha moto ndani ya chumba acha aisee, ule moshi ni sumu, toka nje, na kifua kikibana nenda hospitali.