Jibu: Kwa nini bei inavunja kilele cha jana halafu inarudi?
Ndugu yangu, hilo limenikuta sana kwenye mkataba wa baadaye (futures) wa faharasa ya hisa za Marekani, E-mini S&P 500. Juu ya kilele cha jana, yaani bei ya juu kabisa ya jana, hujaa oda za kukata hasara za waliouza wakitarajia bei ishuke; nazo ni oda za kununua. Bei ikizigusa inaruka pointi mbili tatu, na wasipokuja wanunuzi wapya, inadondoka. Kwa hiyo linganisha ujazo (idadi ya mikataba iliyouzwa na kununuliwa) wa mshumaa unaovunja, yaani alama ya bei ya kipindi kimoja kwenye chati, na ule wa mishumaa kumi iliyotangulia. Ukiwa mdogo, usikimbilie kununua. Mimi husubiri bei irudi kukigusa kile kilele kwa juu, mikataba inayouzwa ikipungua, ndipo naingia. Ila usipime kwa ujazo wa asubuhi yetu ya Afrika Mashariki. Soko la hisa la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni, au kumi na moja na nusu majira yao ya baridi. Na tafadhali anza na Micro, mkataba mdogo wa aina hiyohiyo: pointi moja ni dola 5, siyo 50 kama kwenye E-mini.