Jibu: Riwaya za vijana zinazosubiriwa

Mkuu, umeuliza riwaya gani mpya za vijana tunazisubiri huku Dodoma. Mimi macho yote yako kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Ilianza 2022 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na washindani hupeleka miswada, si vitabu vilivyokwisha toka. Kwa hiyo mshindi wa riwaya akitangazwa Aprili, msomaji unabaki na hamu tu hadi kitabu kichapwe. Mateso matamu!

Natamani safari hii tupate shujaa kijana wa Mpwapwa, au binti anayevuna zabibu Hombolo (nimechoka, kila shujaa anaishi Sinza, Dar es Salaam). Za Kiingereza sizikimbilii, bei inauma. Ulizia maktaba kwanza.